Mbuzi, dende na jirani: kufuga tukiwa ugenini

Maneno yaliyosemwa mbele ya jamaa zilizokimbia, jamaa zilizowapokea na viongozi wa vijiji, kandokando ya ziwa Kivu, wilaya ya Kalehe, Kivu ya Kusini



Tunawashukuru kwa kuacha kazi zenu na kuja. Tunajua kwamba saa hii kuna mama hapa anayefikiri juu ya kuku aliowaacha mlangoni, na kuna baba anayejiuliza kama mtoto ameifunga vizuri kamba ya mbuzi. Hatutawakawiza. Na kwa kweli ni juu ya kuku wale na kamba ile ndiyo tunataka kusema leo.

Mara nyingi sisi wa mashirika tukiitwa kusema juu ya amani, tunasema juu ya silaha, mikataba na wakubwa wanaokutana mbali. Mambo hayo yana uzito wake. Lakini sisi tunaotembea kila juma katika vijiji hivi, tunaokaa barazani pamoja nanyi kusikiliza mashtaka, tumeona kwamba ugomvi mwingi kati ya aliyekimbia na aliyempokea unaanza na mbuzi aliyeingia katika maharagwe. Unaanza na kuku aliyefukua mbegu, au nguruwe aliyekata kamba usiku. Kisha maneno ya kabila yanaingia juu yake, na jambo dogo linakuwa kubwa. Tumeona pia nyumba ambazo zilipatana kwa njia ya mnyama kabla hazijaweza kupatana kwa maneno. Tuseme juu ya hayo yote mawili.

Mnyama ni nini kwa mtu aliyekimbia

Katika milima yetu, mnyama si nyama tu. Mbuzi ni karo ya mtoto, ni malipo ya hospitali, ni mahari, ni kitu cha kupeleka kwenye kilio. Mtu ambaye hana hata kuku mmoja anaona haya kupokea mgeni. Kwa hiyo mtu akikimbia na kupoteza wanyama wake, anapoteza pia nafasi yake kati ya watu.

Wengi wenu mmekimbia zaidi ya mara moja. Kuna waliokimbia katika vita ya 1996, wakakimbia tena katika ile ya 1998, na tena miaka iliyofuata. Kuna waliotoka Masisi mwaka 2024. Kuna waliokuwa katika kambi za kandokando ya Goma, zile zilizoondolewa mwezi wa pili mwaka 2025, wakaambiwa warudi kwao wakati wengine hawakuwa tena na nyumba kule. Na hapa kwetu Kalehe kuna wale ambao hawakufukuzwa na mtu bali na maji, tarehe 4 mwezi wa tano mwaka 2023, wakati mito ilipoteremka juu ya Bushushu na Nyamukubi, ikaua watu zaidi ya 400, ikachukua nyumba, mashamba na mifugo.

Tuliwauliza wengi: ulipokimbia, ulibeba nini? Wanasema: mtoto mgongoni, sufuria, godoro kama nguvu zilikuwapo. Ng'ombe hawezi kufichwa, na mbuzi analia. Lakini akina mama wengi walituambia kwamba katika kikapu, chini ya nguo, walikuwa na dende wawili au watatu. Wengine wanamwita simbilisi. Ndio wanyama wa kwanza kuonekana katika nyumba ya ugenini.

Asubuhi katika kiwanja kidogo

Tutazame asubuhi moja katika nyumba ya jamaa iliyokimbia, nyumba ndogo nyuma ya nyumba ya mwenyeji.

Kabla jua halijatoka, mama anafungua mlango na kuku wanatoka. Walilala ndani pamoja na watu, kwa sababu ya wezi na kwa sababu ya paka wa mwitu. Mbuzi naye alilala ndani, amefungwa kwenye mguu wa kitanda. Mtoto mkubwa anamtoa, anaenda kumfunga kandokando ya njia. Mtoto mdogo anakata majani ya dende kabla ya kwenda masomo. Dende wanasikia hatua zake tu, wanaanza kulia wote pamoja chini ya meza ya jikoni.

Dende anafaa sana kwa mtu asiye na shamba. Alitoka mbali, katika milima ya Amerika ya Kusini, ambako watu wamemfuga kwa maelfu ya miaka. Anakula majani na maganda. Anabeba mimba kwa siku 60 hadi 70 hivi, anazaa mtoto mmoja hadi wanne, na watoto wanazaliwa na manyoya, macho yamefunguka, na katika siku za kwanza wanaanza kutafuna majani. Lakini ni lazima apate majani mabichi kila siku, kwa sababu mwili wake, kama wetu sisi watu, hauwezi kujitengenezea vitamini C. Mwenye kumlisha makombo makavu tu atamwona anadhoofika na kufa. Na afadhali kumjengea kijumba cha mbao au cha mianzi kuliko kumwacha atembee sakafuni, maana panya wanakula watoto wake, na watu wanamkanyaga gizani. Madume mengi pamoja wanapigana. Dume mmoja anatosha kwa majike kadhaa.

Mbuzi anahitaji miezi mitano ya mimba. Mayai ya kuku yanahitaji siku 21. Tunataja hesabu hizi kwa sababu mtu aliye ugenini anaishi kwa kuhesabu: lini nitapata kitu cha kuuza, lini mtoto atarudi masomoni. Mwenye dende anaweza kungoja. Asiye na kitu hana cha kungojea, na kijana asiye na cha kungojea ni rahisi kumwita porini.

Kosa letu sisi wenyewe

Sasa tuseme juu ya kosa ambalo tulilifanya sisi, si ninyi.

Miaka kadhaa iliyopita tulileta mbuzi katika kijiji kimoja cha milimani. Tulikuwa na orodha nzuri, yenye majina ya jamaa zilizokimbia. Kila jamaa ilipata mbuzi jike mmoja. Tulipiga picha, watu waliimba, tukarudi tukifurahi.

Jamaa za wenyeji walisimama pembeni wakitazama. Kati yao kulikuwa mama mmoja mjane. Yeye alikuwa amepokea jamaa ya watu saba, akawapa jiko lake walale, akawapa mihogo ya kwanza, akawaonyesha maji. Hatukumpa kitu. Jina lake halikuwa katika orodha, kwa sababu yeye hakukimbia.

Baada ya majuma machache, mbuzi wa mmoja wa wageni alipatikana kandokando ya shamba la maharagwe la mama yule, mguu umevunjika. Mwenye mbuzi akasema ni watoto wa mama waliompiga. Watoto wakasema mbuzi amekula mistari miwili ya maharagwe na hakuna aliyekuja kuomba msamaha. Jioni ile maneno yakageuka. Hawakusema tena "wewe na mbuzi wako". Walisema "ninyi watu wa kule", na wengine wakajibu "ninyi watu wa hapa". Vijana wakachukua mapanga. Kapita wa kijiji alikimbia kuwazuia, na mama wazee wa pande zote mbili wakaenda kukaa chini, katikati ya njia, mpaka giza lilipoingia. Hakuna aliyekufa. Tunamshukuru Mungu na mama wale.

Kesho yake tuliitwa barazani. Tulifikiri tunakwenda kupatanisha watu. Mama mzee mmoja akatuelekea, akatuambia: "Mgeni mmempa mbuzi. Mwenyeji mmempa kazi ya kulinda maharagwe yake." Hatukuwa na jibu. Tuliomba msamaha mbele ya wote. Nani alivunja mguu wa mbuzi, mpaka leo hatujui, na baraza iliamua kutotafuta tena.

Tangu siku ile tunasema wazi kwa wale wanaotuma msaada: mnyama anayepewa upande mmoja tu anaweza kuleta njaa ya amani kuliko ile njaa ya tumbo tuliyotaka kuondoa.

Asiye na shamba ana mbolea

Baraza ile ndiyo iliyotufundisha njia nyingine. Wazee walitukumbusha kwamba zamani, kwa watu wengi wa milima hii, mwenye ng'ombe wengi aliweka baadhi kwa mwingine awachunge. Mchungaji alikunywa maziwa, alipata mbolea, na siku moja alipata ndama wake. Hivyo nyumba mbili zilifungana. Desturi ile ilikuwa na ubaya wake, maana mara nyingine ilimfanya mchungaji kuwa mtumishi. Lakini ndani yake kulikuwa na akili: mnyama mmoja anaweza kuwa wa nyumba mbili.

Tukafanya hivi. Mbuzi anawekwa kati ya jamaa mbili, moja iliyokimbia na moja ya wenyeji, ambazo zimechaguana zenyewe. Jamaa iliyokimbia inamchunga. Mtoto jike wa kwanza anakwenda kwa mwenyeji. Mtoto jike wa pili anarudi kwa kamati, ili apewe jamaa mbili nyingine zinazongoja. Baada ya hapo mbuzi mama ni wa mchungaji kabisa.

Lakini jambo ambalo lilileta amani upesi zaidi kuliko watoto wa mbuzi, ni mbolea. Mnajua mashamba yetu. Milima imelimwa miaka mingi, mvua inashusha udongo ziwani, maharagwe yanakuwa ya manjano. Mwenyeji ana shamba, lakini shamba limechoka. Mgeni hana shamba, lakini ana mbuzi, ana dende, ana kuku, na wote kila siku wanatoa mbolea ambayo wengi wanaifagia na kuitupa njiani.

Basi mgeni anaikusanya. Anaweka majani makavu ya migomba na nyasi chini ya mbuzi, yanyonye mkojo. Anayatoa, anayarundika kivulini, anachanganya na majivu kidogo, anafunika na majani ya migomba ili mvua isiyasafishe, anageuza kila baada ya majuma machache. Baada ya miezi mitatu hivi, rundo limekuwa udongo mweusi usionuka. Asipeleke mbolea mbichi kwenye mimea, hasa ya kuku, maana inachoma mizizi. Rundo hilo linakwenda katika shamba la mwenyeji, na mwenyeji anampa mgeni kipande cha kulima kwa msimu.

Tulimwona baba mmoja mwenyeji, ambaye mwanzo hakutaka mbuzi wa wageni apite hata karibu na mlango wake. Baada ya msimu mmoja alikuwa anakata majani mwenyewe na kuwapelekea mbuzi wale. Tulipomwuliza, alicheka, akasema: "Ninalisha shamba langu."

Hatutaki kuwadanganya. Si wote waliofaulu. Kuna jamaa iliyomwuza mbuzi kabla hajazaa, kwa sababu mtoto alikuwa hospitalini. Mwenzake alikasirika sana. Baraza ilisikiliza, ikaona karatasi za hospitali, ikaamua kwamba deni litalipwa kwa siku za kulima. Lililipwa. Kuna wengine waliohama usiku na mbuzi, na hatukuwaona tena. Na mbolea hairudishi shamba ambalo mtu alinyang'anywa kwao. Jambo hilo linadai haki, na haki hiyo tunaendelea kuidai.

Mbuzi anayetambuliwa

Kuna jambo lingine gumu, na wengi wanaogopa kulisema. Mtu anarudi kijijini kwake, au anapita sokoni, na anamwona mbuzi wake. Anamjua kwa rangi, kwa pembe, kwa alama aliyomkata sikioni. Yuko katika kamba ya mtu mwingine. Moyo unawaka.

Ndugu zetu, usimshike mnyama yule. Usiende usiku na vijana. Nenda kwa kapita au kwa mzee wa baraza, na mashahidi wanaomjua mnyama. Baraza inauliza: mnyama huyu alifikaje hapa? Alinunuliwa? Aliachwa na mwenye kukimbia, akatunzwa? Au alinyang'anywa? Mambo hayo matatu hayahukumiwi namna moja. Yule aliyetunza mbuzi wa jirani wakati wa vita hakuiba, bali alilinda, na anastahili kitu kwa kazi yake.

Katika kijiji kimoja baba aliyerudi alimkuta mbuzi wake kwa jirani wa kabila lingine. Jirani alisema alimnunua sokoni kwa watu wenye silaha, na alikuwa na mashahidi. Baraza ikapendekeza: mbuzi abaki, mtoto atakayezaliwa aende kwa mwenyewe wa kwanza. Baba akakataa. Akasema: "Sitaki mtoto wa mbuzi. Nataka mtu mmoja aseme mbele ya watu kwamba alikuwa wangu." Kukawa kimya. Kisha jirani akasimama, akasema: "Alikuwa wako. Nilijua alikuwa wa mtu aliyekimbia, nikanunua." Baba akalia. Mtoto wa mbuzi alipozaliwa, alimpokea.

Hapo tulielewa kwamba mtu anataka kurudishiwa mnyama wake, lakini kwanza anataka kurudishiwa ukweli.

Ugonjwa hauulizi kabila

Tuseme kwa ufupi juu ya magonjwa, maana nayo yanaleta mashtaka ya uchawi na ya sumu. Kuku wote wa kijiji wakifa kwa siku chache, shingo zimejipinda, wanaharisha maji ya kijani, mara nyingi ni ule ugonjwa unaoitwa Newcastle. Hauna dawa, lakini una chanjo, na chanjo inafaa kama kijiji chote kinachanja siku moja, wageni na wenyeji. Nguruwe wakifa wengi kwa homa kali, ngozi ikiwa na rangi nyekundu au ya zambarau, fikirini juu ya homa ya nguruwe ya Afrika. Nayo haina dawa. Haimshiki mtu, lakini nyama yake ikiuzwa na makombo yakipewa nguruwe wengine, inakwenda kijiji kwa kijiji. Zika mzoga, osha viatu, mwite mganga wa mifugo. Kabla ya kusema "jirani ameua wanyama wangu", uliza kama wanyama wa jirani nao wanakufa.

Makubaliano kabla ya mnyama

Kwa yote tuliyoyaona, tunawaomba kila kijiji kikae na kukubaliana kabla mnyama hajafika:

Kwanza, wakati wa mbegu na wa mavuno, mbuzi wote wanafungwa au wanalishwa nyumbani, wa mgeni na wa mwenyeji pia. Sheria isiyomgusa mwenyeji si sheria, ni fimbo.

Pili, njia ya kwenda kwenye maji na kwenye majani ijulikane na wote.

Tatu, mnyama akiharibu shamba, watu wawili, mmoja wa kila upande, wanakwenda kutazama siku ileile. Malipo yanapangwa mapema, kwa mazao au kwa siku za kazi. Hakuna anayempiga mnyama.

Nne, kila mnyama anayewekwa kati ya nyumba mbili aandikwe katika daftari la kamati, pamoja na ahadi zake. Mama na baba wa nyumba wote wawili wasikie, maana mara nyingi mama ndiye anayelisha na baba ndiye anayeuza.

Tano, jamaa ikilazimika kukimbia tena, ijue nani atashika wanyama wake, na kwa masharti gani. Tunaomba siku hiyo isifike. Lakini makubaliano yaliyofanywa katika utulivu yanabaki hata watu wakitawanyika.

Neno kwa viongozi

Wazee wetu, wakuu wa vijiji, wakuu wa kamati: shirika likija na wanyama na orodha, ulizeni swali moja: na jirani wa mtu huyu atapata nini? Msipouliza ninyi, sisi tunaweza kusahau tena. Na mtoto akija kwenu analia kwamba mbuzi wake amepigwa, msiseme ni jambo la watoto. Lisikilizeni siku hiyo, likiwa bado ni jambo la mbuzi.

Sisi hatuwezi kuwaahidi lini vita itakwisha. Lakini jioni hii kila mmoja atarudi nyumbani na kuhesabu kuku wake. Akikuta kuku mmoja wa jirani kati yao, amrudishe kabla ya kulala, na kama ana muda, akae kidogo kule.

 Amani iwe katika nyumba zenu.

Maswali ya kuzungumza katika makundi

1. Katika kijiji chetu, ugomvi wa mwisho juu ya mnyama ulianza namna gani? Nani aliuzima?

2. Mbolea ya wanyama wetu inakwenda wapi leo? Ingeweza kwenda wapi?

3. Kama mtu akimtambua mnyama wake kwa mwingine, atakwenda kwa nani kwanza? Je, watu wa makabila yote wanamwamini mtu huyo?